Nukta za kaboni zimefifia: je, zimeona sukari?

SWALI: Asalaam alaykum. Nasomesha kemia skuli ya sekondari, Wete. Tumechanganya maji ya ndimu na urea, tukapika kwenye maikrowevu, tukapata nukta za kaboni, yaani chembe ndogo mno za kaboni zinazowaka buluu chini ya taa ya kukagulia noti. Tukitia mkojo wa mgonjwa wa sukari, mwanga unafifia. Tumepata kipimo?

JIBU: Alaykumu salaam, mwalimu. Kuwaka zinawaka, hilo sina ubishi. Kwamba zimeona sukari, bado.

Mkojo una rangi, na rangi ile hunyonya mwanga wa taa kabla haujazifikia nukta. Hata chai ya rangi ingezifanya zififie. Jaribuni hivi: wekeni mkojo kwenye gilasi yake, muusimamishe kati ya taa na nukta, bila kuchanganya. Kisha rudieni kwa gilasi ya maji matupu. Zikififia kwa mkojo tu, basi ni kivuli mlichopima. Rudieni pia kwa mkojo wa mtu asiye na sukari, na kwa maji safi yaliyotiwa glukosi, ndiyo sukari ya ugonjwa huu. Glukosi hainyonyi mwanga huo. Nadhani hapo nukta zenu hazitashtuka kabisa.

Nukta tupu hazina jicho la kuitambua sukari, lazima zipewe. Wengine huzibandika asidi ya boroniki, kemikali inayoshika sukari, lakini ile ya kawaida hushika fruktosi, sukari ya matunda, kwa nguvu kuliko glukosi, kwa hiyo mimi siipendi. Bora kimeng'enya cha glukosi oksidesi: huigeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki na kutoa haidrojeni peroksidi. Mkitia na chuma cha chaji mbili, peroksidi hiyo hukigeuza kuwa cha chaji tatu, nacho ndicho huzifisha nukta. Hata hapo jaribio la gilasi mbili haliepukiki, maana chuma hicho nacho hunyonya mwanga.

Kabla ya yote hayo, chujeni nukta zenu kwa utando wa dayalisisi, wenye vitundu vidogo vinavyopitisha molekuli ndogo na kuzizuia nukta. Asidi ya ndimu ikipikwa na urea huzaa pia molekuli ndogo zinazowaka buluu, na huenda mnazisifu nukta kwa kazi isiyo yao. (Msizichanganye na nukta za kwanta, chembe nyingine ndogo zinazowaka, zilizowapa wagunduzi wake Nobeli ya Kemia ya 2023; nyingi kati ya zile zina kadmiamu, ambayo ni sumu.)

Muulizeni mgonjwa pia kama anatumia vidonge vya vitamini C. Vitamini hiyo hukirudisha chuma kwenye chaji mbili, mwanga ukapanda tena, nanyi mkadhani sukari imeshuka.