Maswali ya breki na miguu ya gari: kipi ufanye mwenyewe, kipi upeleke gereji

Fundi, shikamoo. Nina Toyota IST. Nikikanyaga breki taratibu, tairi ya mbele kushoto inalia kama filimbi. Nina jeki iliyokuja na gari na boksi la spana. Naweza kubadili breki pedi mwenyewe? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Unaweza, na ni kazi nzuri ya kuanzia. Mlio huo mara nyingi hutoka kwenye kibati kidogo kilichowekwa kwenye pedi makusudi, ili kianze kugusa diski pedi inapokaribia kwisha. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikibaki 3, toa. Ukisubiri chuma kikutane na chuma, utanunua na diski.

Lakini tuanze na jeki, maana ndiyo inayoua. Ile ya kwenye buti ni ya kunyanyulia gari ubadili tairi, basi. Tafuta stendi mbili za chuma za kulikalishia gari, egesha kwenye sakafu ngumu, zuia tairi za nyuma kwa mawe, na legeza nati gari likiwa bado chini. Tairi ukishaitoa, isukume ilale chini ya ubavu wa gari. Yalinikuta mimi: miaka yangu ya mwanzo nilinyanyua gari uwani, kwenye mchanga huu wetu wa Dar, jeki ikazama upande mmoja kisha ikachomoka. Gari likatua juu ya ile tairi. Mkono wangu ulikuwa kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, shubiri moja tu kutoka hapo. Tangu siku hiyo sigusi kitu gari likiwa juu ya jeki peke yake, na nakuomba na wewe usiguse. Matofali ya saruji nayo usiyaamini, hupasuka ghafla.

Kazi yenyewe si ngumu. Fungua bolti ya chini ya kalipa, uinue juu. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, rudisha pistoni, ile inayosukuma pedi, ndani ya kalipa taratibu kwa klampu, na uangalie mafuta yasifurike maana hubabua rangi. Pini ambazo kalipa hutelezea zisafishe, uzipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, kwani ni baya kwa mapafu.

Pedi mpya zikishakaa na kalipa ikirudi mahali pake, nati za tairi zikaze kwa kukatisha, si kwa kuzunguka. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni nyutonimita 103. Kisha, kabla hujaondoa gari, kanyaga pedeli. Mara ya kwanza itazama mpaka chini, na moyo utashtuka. Kanyaga tena na tena. Mara ya nne au ya tano utaisikia inapanda na kuwa ngumu chini ya unyayo: pistoni zimefika kwenye pedi. Ukisahau hatua hii, utakapoihitaji breki kwa mara ya kwanza hutaipata.

Nikibadili upande unaolia tu, si inatosha? (Msomaji, Morogoro)

Haitoshi. Badili pande zote mbili kwa siku moja, la sivyo gari litavuta upande mmoja utakapokanyaga breki ya ghafla. Shokapu nazo ni hivyo hivyo.

Mafuta ya breki yalipungua, nikaongeza ya pawa stelingi niliyokuwa nayo nyumbani. Kuna shida? (Msomaji, Mombasa)

Ipo, na ni kubwa. Usiliendeshe tena. Mafuta hayo huvimbisha mipira ya masta silinda (pampu ya breki) na ya kalipa, na breki zinaweza kushika zenyewe au kukataa kabisa. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi; mfumo wote uoshwe na mipira ibadilishwe. Hiyo ni kazi ya gereji, na gari libebwe. Siku nyingine soma kifuniko cha kopo: kimeandikwa aina ya mafuta, DOT 3 au DOT 4. Tena, mafuta yakipungua, kwanza angalia kama pedi zimeisha au kuna mahali panavuja.

Nikipita kwenye matuta mbele panagonga. Nimeambiwa ni shokapu, nataka nibadili uwani. (Msomaji, Dodoma)

Anza na stabilaiza linki, kile kifimbo kinachoshika chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Ni ndogo, ni rahisi kununua, na ndiyo inayogonga mara nyingi. Itikise kwa mkono, ikicheza, umepata. Shokapu iliyokufa huonekana imelowa mafuta, na ukilikandamiza gari kwenye kona linaendelea kudunda.

Ikiwa ni shokapu kweli, kuitoa nzima pamoja na springi yake unaweza. Ile nati ya katikati juu usiifungue kamwe. Springi iko ndani imebanwa, na ikifyatuka inavunja taya. Kamba na waya haviizuii. Peleka kwa fundi mwenye kibanio cha springi, akutolee, kisha urudi kufunga.

Nilibadili bushi (mipira) za loa amu, ule mkono wa chini unaoshika tairi, mwenyewe. Miezi miwili tu zimechanika. Ni feki? (Msomaji, Arusha)

Huenda, ila nahisi ulizikaza gari likiwa hewani. Gari likishuka, mpira unabaki umejikunja muda wote. Bolti zishike kidogo tu, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Kisha kapime alaimenti, yaani mkao wa tairi.

Nikishuka mlima Kitonga na Noah, pedeli ya breki inalainika. Ikipoa inarudi. (Msomaji, Iringa)

Mafuta yako yamezeeka. Huvuta unyevu: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, iliyonyonya maji hushuka hadi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Shuka kwa gia ya L au 2, na badili mafuta kila miaka 2.

Kubadili mafuta hayo mnahitajika wawili. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, kawaida mnaanza nyuma kushoto. Mmoja akanyage na kushikilia. Mwingine afungue nati ya kutolea upepo, mafuta yatoke kwa kijimpira hadi kwenye chupa, aifunge, ndipo mguu uachie. Yakitoka masafi bila povu, hamieni tairi inayofuata, na kopo la juu lisikauke hata mara moja.