Kabla hujashika kompyuta ya mtu aliye mbali

Wadogo zangu mnaoanza kuhudumia kompyuta za Linux kwa mbali, msikimbilie kuuliza programu gani iwekwe. Jiulize kwanza: nataka kuona kioo kilekile anachokiona mwenye mashine, au nataka kufungua changu ndani ya mashine yake?

Mimi nilijifunza kwa aibu. Niko Dar, keshia yuko Mbeya, nimeshaweka TigerVNC, programu ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa njia iitwayo VNC. Simu sikioni: "Dada, unaona kishale kinavyotembea?" Akanijibu, "Kaka, huku hakuna kinachotembea." Kumbe nilikuwa nimejifungulia kikao kipya, namba 1, nahangaika humo peke yangu, naye yuko zake namba 0. Nilipoweka x11vnc, ambayo hushika kioo kilichopo, ndipo tukaonana.

Lakini x11vnc nayo ina masharti. Mwambie mwenye mashine aandike kwenye teminali echo $XDG_SESSION_TYPE, mjue ni mfumo gani unaochora madirisha kwenye kioo chake. Ikijibu x11, endelea. Ikijibu wayland, achana nayo, kwa sababu Wayland haiachi programu ichungulie madirisha ya nyingine hivihivi, utaambulia weusi. Kwenye Ubuntu 22.04 tumia huduma iliyomo kwenye mipangilio yenyewe. Inapitia RDP, njia nyingine ya kuendesha kioo cha mbali, kwenye poti (mlango wa mtandao) namba 3389, na wewe unaingia kwa Remmina, programu ya kutazamia kioo hicho. Mwambie tu mwenzako asiache kioo kijifunge, maana kikijifunga unatolewa nje.

Bando likiwa dogo, punguza rangi na uondoe picha ya nyuma. Ile picha ya Mlima Kilimanjaro inakula data bure.

Poti 5900 ya VNC usiifungue kwenye ruta hata bosi akikuharakisha. Nenosiri la VNC ya kawaida husomwa herufi 8 za mwanzo tu. Andika 20, zile 12 ni mapambo. Na baada ya hapo picha na kila unachobonyeza hupita wazi. Mimi huiwasha x11vnc kwa -localhost, isipokee mtu kutoka nje ya mashine, kisha napita ndani ya SSH, njia ya kuingia kwa mbali inayoficha kinachopita: ssh -L 5900:localhost:5900 jina@anwani, halafu Remmina naielekeza localhost. Kama ofisi ya kule inatumia modemu ya laini ya simu, mara nyingi huwezi kuifikia kutoka nje. Hapo RustDesk, programu nyingine ya kuendesha kompyuta ya mbali, yenye seva yako mwenyewe, itakufaa.

Jambo la mwisho ni ufw, ukuta wa kinga (firewall) wa Linux. Siku moja niliandika sudo ufw enable, ya kuuwasha, kabla ya sudo ufw allow ssh, ya kuruhusu SSH ipite. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza y bila kusoma. Kikao kilichokuwa wazi kikaendelea vizuri, nikajiona fundi. Nikatoka kwenda kula. Kurudi, mlango umefungwa. Ikabidi yule dada aandike amri yeye, mimi namtajia herufi moja moja kwenye simu, nenosiri la msimamizi likiwemo, huku wateja wamepanga foleni mbele yake. Jioni ile ile nililibadilisha.