Ubao wa kukatia wenye sura ya drafti

SWALI: Nina karakana ya samani Kirumba, Mwanza, ambako mabaki ya mninga na mtiki huishia jikoni kama kuni. Je, yaweza kutengeneza ubao wa kukatia samaki wenye mirabaraba ya drafti?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Ndugu msomaji, yanafaa, mradi yawe makavu na yasiyotiwa dawa ya wadudu. Pasua fito za upana na unene sawa, idadi yake iwe shufwa, uzigandishe kwa gundi isiyoyeyuka majini huku ukipishanisha rangi. Ikikauka, katiza ubao huo vipande vya sentimita 4, uvilaze nyuzi za mti zikitazama juu, kila cha pili ukikigeuza mwisho kwa mwanzo ili drafti itokee, kisha ugandishe tena. Usiupitishe kwenye mashine ya randa, kwani kingo humeguka na ubao waweza kukurukia. Msasa, ingawa unachosha, ni salama zaidi. Fremu, ambayo mafundi wengi huipenda, iache, maana mbao hutanuka kwa unyevu na kupasua maungio. Mafuta ya kupikia huchacha. Paka nta ya nyuki.