Maswali ya Wasomaji: Kuupandisha Umaskini wa Nyumbani Jukwaani

Mwezi huu bahasha imejaa barua za wachekeshaji chipukizi wa Arusha na Moshi. Wengi wamekulia kwenye shida na wanataka shida hiyo iwape kazi. Tumejibu nne.

Shikamooni wahariri. Mimi ni fundi wa pancha, nachekesha huu mwaka wa pili. Naambiwa Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu za zamani zisizo na sauti, alitoka kwenye ufukara akalipuka ghafla akawa tajiri. Mbona mimi silipuki?
*Msomaji wa Ngarenaro, Arusha*

Marahaba, mdogo wetu. Aliyekwambia "ghafla" hajahesabu miaka. Chaplin alizaliwa mwaka 1889, akakulia London. Mwaka 1896, akiwa na miaka 7, aliingizwa kwenye nyumba ya mafukara pamoja na mama yake na kaka yake Sydney, na baadaye mama akalazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipokaribia miaka 10 alikuwa tayari anacheza dansi ya viatu vya mbao na kundi la watoto liitwalo Eight Lancashire Lads. Mwaka 1908 akachukuliwa na kampuni ya Fred Karno, iliyozungusha maigizo ya vichekesho kwenye kumbi, ambako igizo moja lilirudiwa ukumbi baada ya ukumbi mpaka kila anguko likajua sekunde yake. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1914, mshahara ukiwa dola 150 kwa wiki. Mwaka 1916 akasaini mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya huo mlipuko kuna miaka kama 15 ya jukwaa.

Tazama pia alivyoitumia shida yenyewe. Katika The Kid, filamu ya mwaka 1921, maofisa wanakuja kumchukua mtoto kwenye chumba cha juu anamoishi na baba yake wa kumlea, na yule baba anakimbia juu ya mapaa kulifuata gari lililombeba. Aliyetunga hayo aliwahi kupelekwa shule ya watoto mafukara, mbali na mama yake. Hamwambii mtazamaji "tulikuwa na hali mbaya." Anamwonyesha nani anamnyang'anya nani nini, na watu wanacheka huku koo limewakaba.

Sasa jiulize: kwa mwezi unasimama mbele ya watu mara ngapi? Ukisimama mara moja, miaka 2 ni mara 24 tu, na waigizaji wa Karno waliweza kuzimaliza hizo ndani ya mwezi mmoja. Tafuta nafasi mbili kwa wiki, hata za dakika 5: vyuo, bonanza, mikusanyiko ya vijana kanisani, baa siku isiyo na mechi. Na usibadilishe vichekesho kila mara. Rudia dakika zilezile 5 mbele ya watu tofauti angalau mara kumi, ukirekodi sauti kwa simu. Ukifika nyumbani sikiliza, andika kila sentensi kwenye daftari, weka alama walipocheka. Sekunde 30 zikipita bila alama, hapo pana maneno ya kukata. Vijana wengi wanakwama kwa kuwa kila wiki wanaleta kipya kisichoiva, wakiogopa kwamba wote wameshawasikia. Mji huu ni mkubwa. Wa Sakina hakuwepo Njiro juzi.

Mambo vipi wahariri. Nina kichekesho cha kweli kabisa ila watu wanatabasamu tu. Nasema: "Nyumbani tulikuwa maskini sana kiasi kwamba mimi na kaka yangu tulikuwa tunashea jozi moja ya viatu, yeye akienda shule asubuhi na mimi mchana, kwa hiyo nilikuwa nachelewa sana shuleni wakati mwingine." Tatizo liko wapi?
*Kijana wa Pasua, Moshi*

Poa. Umeshika kitu kizuri mno, tusikipoteze. Tatizo la kwanza ni "tulikuwa maskini sana". Ukishatangaza hivyo, ukumbi unajiandaa kukuonea huruma, na anayekuonea huruma hachekicheki ovyo. Viatu vyenyewe vinatosha kusema. La pili, sentensi ni moja ndefu, msikilizaji anabeba mzigo wote bila pa kuutua. La tatu, umeimalizia kwa "wakati mwingine", maneno yasiyo na uzito wowote. Kiswahili chetu kinapenda kuburuta mkia: yule, ambaye, wakati ule, kwa kweli. Jukwaani mkia huo unaua, kwa sababu unaendelea kuongea wakati wao wanataka kucheka.

Jaribu hivi:

"Shule yetu ilikuwa na zamu mbili. Kaka asubuhi, mimi mchana. Viatu jozi moja. Siku hiyo mwalimu akanisimamisha mlangoni: 'We, mbona umechelewa?' Nikamwambia, 'Mwalimu, mimi nimewahi. Viatu ndiyo bado viko darasani.'"

Neno "darasani" ndilo linalofungua kicheko, kwa hiyo liko mwisho kabisa. Ukishalitamka, funga mdomo. Hesabu moja, mbili, kimoyomoyo. Wakicheka, subiri kicheko kianze kushuka, kisiishe, ndipo uongeze cha pili hapohapo: "Siku kaka akipewa adhabu ya kubaki, mimi ndiye nakosa mtihani." Halafu cha tatu: kaka anavaa namba 9, wewe 6, kwa hiyo wewe unaenda shule na viatu na gazeti la juzi. Hadithi moja, vicheko vitatu, chini ya dakika moja. Usitaje namba za viatu kabla ya hapo. Ukizitoa mwanzoni umekichoma cha mwisho.

Sauti nayo: mwalimu aongee kwa ukali wa kweli, wewe ujibu kwa adabu kabisa, kama mtoto anayedhani jibu lake lina mantiki. Ukijibu huku unacheka, watu wanaona umetunga.

Kwa dakika 5, hadithi tatu za namna hiyo zinatosha. Iliyo bora ya pili iweke mwanzo, iliyo bora kuliko zote mwisho, na ile unayoijaribu uifiche katikati.

Shikamooni. Mama yangu alitusomesha kwa kuuza ndizi Kiboriloni. Namtaja kwenye vichekesho vyangu na watu wanacheka sana, lakini wajomba wanasema namdhalilisha. Mama mwenyewe amenyamaza.
*Binti wa Moshi*

Marahaba, dada. Kunyamaza kwa mama si ruhusa. Kabla ya onyesho lijalo, kaa naye jikoni, mwambie kichekesho chote neno kwa neno kama unavyokisema ukumbini, ukitazama uso wake. Akicheka na akaongeza lake, umepata kichekesho na umepata mwandishi mwenza. Akitazama pembeni, kiondoe, hata kama ndicho kinachopigiwa makofi kuliko vyote. Hili hatulipunguzi.

Kisha kagua kicheko kinamwangukia nani. Mama akionekana mjinga au mchafu, wajomba wana haki. Akionekana mjanja, mwenye jibu kwa kila mteja, na mjinga ukawa wewe mtoto uliyemwonea aibu mbele ya wenzako, ukumbi utacheka na kumheshimu kwa pamoja. Mara nyingi kinachotakiwa ni kugeuza mistari miwili tu.

Kumbuka pia kipande cha sekunde 40 kitakatwa na kuzungushwa WhatsApp bila mwanzo wala mwisho wake. Sentensi ambayo ikisikika peke yake ni tusi kwa mama, iandike upya. Ondoa jina la soko na la kijiji, badilisha ndizi ziwe dagaa. Mnakutana wote nyumbani Desemba, na huko hakuna wa kukuambia "ni sanaa tu, mjomba."

Wahariri, naalikwa kwenye sendofu na kipaimara lakini hakuna anayenisikiliza, na malipo yananisumbua. Nifanyeje?
*Mchekeshaji wa Tengeru*

Uliza ratiba kabla hujakubali. Omba uwekwe kabla ya chakula na kabla ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, haijaingia. Ndafu ikishaingia kwa nyimbo, macho yote yako kwayo, na baada yake sahani zinagongana, watoto wanakimbia, wazee wanatafuta maji. Hakuna mchekeshaji anayeishinda foleni ya chakula. Kwenye turubai usisimame mbele ya spika, maiki itapiga mluzi. Kaa nyuma ya mstari wa spika, maiki vidole viwili kutoka mdomoni, na mwombe DJ azime muziki kabisa, asiupunguze tu. Zungumza na meza za mbele kwanza. Wa nyuma hufuata kicheko.

Malipo: nusu siku mnayokubaliana, nusu ukifika ukumbini kabla hujashika maiki. Sherehe ikiisha kamati imetawanyika na simu ya mtunza hazina haipatikani. Nauli isiwe ndani ya malipo, hasa ukiitwa Moshi na kurudi usiku. Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: tarehe, saa, dakika ngapi, kiasi gani.

Kampuni ikikutaka kwa tangazo, hapo karatasi ni lazima. Mzee Majuto alichekesha nchi hii kwa miongo, na mwaka 2018, akiwa mgonjwa, mikataba yake ya matangazo ikawa mjadala mpaka serikalini. Alifariki Agosti mwaka huohuo. Soma mkataba utafute vitu vinne: picha na sauti yako vitatumika kwa miezi mingapi, wapi (redio, televisheni, mabango, mitandao), wakitaka kuendelea wanalipa kiasi gani, na jina la mhusika uliyemtunga linabaki la nani. Palipoandikwa "milele" au pasipoandikwa muda, usisaini siku hiyo. Beba nakala, mpelekee mwanasheria. Kujisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, muulize kwanza Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Kazi ulizoandika na kurekodi zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki.