Taa na kingo za boti ya kuvulia, kazi ya mkono wako mwenyewe

Huku kwetu Pemba mtu akitaka kutia taa kwenye boti anakimbilia kununua waya, mie nakwambia anza na kingo. Waya wa boti unaharibiwa na vitu viwili, chumvi na kusuguka, na pahala panaposugua kuliko pote ni hapo ukingoni, nyavu zinapita hapo, kamba ya nanga hapo, na usiku wa dagaa vyombo vikikaa ubavu kwa ubavu na mawimbi yanavipandisha na kuvishusha ndo usiseme. Kwa hiyo subiri mbalamwezi, watu hawaendi dagaa, pandisha chombo pwani ufanye kazi zote mbili pamoja.

Kwa kingo tafuta paipu nyeusi ya maji, ile ngumu ya poli, mabaki ya mafundi bomba yanatosha. Usichukue hospaipu ya bustani ya rangi rangi, jua la kaskazi litaikausha ivunjike kama biskuti, ile nyeusi imetiwa masizi humo humo kwenye plastiki na ndo yanayoikinga na jua. Ipasue kwa urefu upande mmoja tu, imwagie maji ya moto ilainike, halafu uivishe mdomo wa chombo taratibu kuanzia omo, yaani mbele. Watu wanapenda kugongomelea misumari, mie sipendi, msumari unakula kutu na kila tundu ni mlango wa maji, mbao inaoza kwa ndani na huku juu rangi bado inang'ara. Bora utoboe matundu machache ya jozi, upitishe uzi mnene wa nailoni ukaze, fundo likae ndani nyavu zisinase, na matundu yote uyazibe. Ikichakaa unakata uzi tu unatia nyengine. Pale inapopita kamba ya nanga ongeza kipande cha tairi kuukuu juu yake, na dafrao za ubavuni, zile za kuzuia vyombo visigongane, tairi la pikipiki linatosha kabisa.

Haya, waya sasa. Kuna waya unauzwa madukani umeandikwa shaba na shaba yenyewe imepakwa juu juu tu. Umenye, kwaruza uzi mmoja kwa ncha ya kisu, ukiona ndani peupe ujue ni aluminiamu, mrudishie mwenyewe, maji chumvi yataumaliza upesi. Na waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hapana, mtetemo wa mashine unaukata, chukua wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Unene nao watu wanaudharau halafu wanalaumu taa. Tuseme una taa 4 za LED za wati 10, jumla wati 40, kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 3.3 hivi. Waya mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukitia wa milimita 1 ya mraba unapoteza kama volti 0.7 njiani, ukitia wa 2.5 unapoteza 0.3 tu. Kwa masaa 8 ya usiku taa hizo zinakula kama ampea-saa 27, betri nzima ya N70, ile ya ampea-saa 70 hivi, inazibeba bila kushuka chini ya nusu, na betri ya asidi ukiizoesha kushuka chini ya nusu umeiua mapema.

Fyuzi ya gari ya ampea 5 inatosha, iweke kwenye waya wa chanya shubiri moja tu kutoka betrini. Nimeona mtu kaitia kule juu kwenye taa, sasa waya ukichunika katikati ukashika hasi si unaungua wote na fyuzi nzima inakuangalia?

Viungo viwe vichache. Kusokota na kuzungushia tepu ni kazi ya siku chache, tepu inaachia na ukijani unaingia. Tia lehemu, paka girisi, vika ile mipira inayonywea kwa moto. Silikoni nayo inuse kwanza, ikinuka siki usiipake kwenye shaba, ile asidi yake inakula waya. Kila waya unapokatiza mbao au faiba uvishe kipande cha ile ile paipu, na uache mkunjo uning'inie chini kidogo kabla ya kiungo, maji yadondokee hapo.

Betri ifunge kwa mipira ya tyubu, iwe juu ya maji ya ngamani, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, na mbali na dumu la petroli, tena sio kwenye kijichumba kimoja kilichofungwa. Mvuke wa petroli unashuka chini unakaa, swichi ikitoa cheche moja basi.

Taa za dagaa sio taa za njia jamani. Sheria za kimataifa za 1972 za kuzuia kugongana baharini zinairuhusu boti ya mashine chini ya mita 7, isiyoweza kuzidi maili 7 za baharini kwa saa, itembee na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Yenye mbio zaidi itie nyekundu kushoto, kijani kulia pamoja na nyeupe, na meli za abiria zinapita usiku kwenye maji haya haya.

Ukimaliza washa zote, pima volti kwa mita betrini kisha kwenye taa ya mwisho, tofauti ikizidi sana ile 0.3 pitisha mkono kwenye viungo kimoja kimoja, kile chenye joto ndo cha kurudia.