Tangi la matumbawe lita 500, samaki wanakufa

Pole sana ndugu, tangi la wiki mbili, maji yanaonekana safi kabisa halafu samaki wawili wamekufa, mi hapo nashuku amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, haionekani kwa macho. Bakteria wa kuila wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye mawe, kwa hiyo usiongeze kiumbe chochote mpaka amonia na nitraiti (sumu nyingine ambayo amonia hugeuka kwanza) zisome 0 kwenye kipimo cha maji, matumbawe yaje mwisho kabisa. Na maji yakipungua kwa mvuke ongeza yaliyochujwa yasiyo na chumvi, maana chumvi inabaki palepale, mi nilikuwa naongeza ya chumvi nikakuta matumbawe yamejikunja kama ngumi. Uzito wa tangi likiwa na maji nao ni zaidi ya nusu tani, kama upo ghorofani muite injinia aangalie sakafu.