Jibu: Primrosi zimelegea na udongo bado una maji

Habari ndugu. Unasema primrosi zako (yale maua ya bustani) za kwenye vyungu zimelegea ilhali udongo umelowa. Usiongeze maji. Kwanza shika mmea shinani, uvute taratibu. Ukichomoka kirahisi, pekua udongo kwa vidole: tafuta mabuu meupe yasiyo na miguu, yamejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia. Ni watoto wa fukusi, yule mdudu mweusi anayetafuna kingo za majani usiku; watoto wake hula mizizi, ndiyo maana mmea hulegea.

Mimi hapa Leeds, Uingereza, walinimalizia vyungu vitatu, nami nikisingizia baridi! Nilimwaga udongo wote, nikaosha mashina, yale yenye vimizizi nikayapanda upya kivulini. Yakashika.

Usipokuta mabuu, angalia tundu la chini ya chungu. Huenda limeziba, mizizi ikaoza. Udongo wenye mabuu usiuhamishie chungu kingine.